Menyu ya pembeni haijifungi, na kurudi nyuma hakuishi: kosa liko wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, ninatengeneza programu ya simu kwa Flutter (zana ya Google ya kuandika programu moja ikatumika kwenye Android na iPhone) kwa ajili ya wachuuzi wa soko la samaki la Deep Sea, akiwemo mjomba wangu. Ina kurasa saba: Mauzo ya Leo, Madeni, Wavuvi, Bei, Ripoti, Mipangilio na Kuhusu. Nimeweka menyu ya pembeni lakini imenishinda. Nikichagua Madeni, ukurasa unafunguka, ila nikirudi naikuta menyu bado iko wazi. Mtu akizungukazunguka kwenye kurasa, inambidi abonyeze kitufe cha kurudi mara kumi ndipo atoke. Kwenye kurasa nyingine mistari mitatu haionekani, kuna mshale tu. Nilitengeneza kitufe changu mwenyewe cha kufungulia menyu, kikatoa hitilafu inayotaja context. Na kwenye simu ya mjomba, akitelezesha kidole kutoka kushoto, programu nzima inajifunga. Rafiki yangu anasema haya ndiyo madhara ya programu za kuandika mara moja zikatumika kwenye simu zote, na kwamba niandike upya ya Android peke yake. Nifanyeje?"

Marahaba. Umeleta malalamiko matano, na umeyaeleza vizuri kiasi kwamba nimeweza kuyaona bila kuushika msimbo wako. Matatu ya mwanzo yana mzizi mmoja, la nne ni kosa ambalo karibu kila anayejifunza Flutter hulifanya angalau mara moja, na la tano wala si lako, ni tabia ya simu ya mjomba. Kwa hiyo usifute chochote bado.

Nianze na rafiki yako, kwa sababu ushauri wake ungekugharimu miezi. Angekuwa na haki kama tatizo lingekuwa ni kamera, au Bluetooth, au kitu kingine kinachotegemea sana simu yenyewe. Menyu ya pembeni siyo mahali hapo. Waandishi wa Android peke yake wamekuwa na menyu ya namna hii iliyotolewa rasmi na Google tangu mwaka 2013, na hujikwaa palepale ulipojikwaa wewe: kurasa zinazorundikana, mshale unaoshindana na mistari mitatu, na kidole kinachotafsiriwa vingine na simu. Ukiandika upya utakutana na maswali yaleyale kwa lugha nyingine, na safari hii wenye iPhone utakuwa umewaacha nje.

Sasa tutazame kinachotokea ndani. Katika Flutter, ukurasa wa kawaida hujengwa juu ya wijeti, yaani kipande cha kujengea skrini, iitwayo Scaffold, jina lilelile la jukwaa la miti wanalosimama mafundi ujenzi. Scaffold ina nafasi zilizotengwa tayari: ya upau wa juu, ya mwili wa ukurasa, ya upau wa chini, na ya droo, yaani Drawer. Wazee wetu droo huiita mtoto wa meza, na jina hilo linafundisha kuliko la Kiingereza, kwa sababu mtoto wa meza ni wa meza moja. Huwezi kumvuta kutoka meza hii akatokea kwenye meza ya jirani. Menyu uliyoiweka kwenye Scaffold ya Mauzo ya Leo ni ya Scaffold hiyo tu. Ukurasa wa Madeni, kama una Scaffold yake, haujui kwamba menyu hiyo ipo.

Jambo la pili la kuelewa ni Navigator, msimamizi wa kurasa. Yeye huziweka kurasa kama sinia zinavyorundikwa jikoni siku ya shughuli: mpya hukaa juu ya ile iliyotangulia, na unayoiona ni ya juu kabisa tu. Amri ya push inaongeza sinia, amri ya pop inaondoa la juu. Kitufe cha kurudi cha simu nacho kazi yake ni kuondoa sinia la juu. Zilizo chini hazijafa. Zinangoja, zikiwa katika hali ileile uliyoziacha, na zinaendelea kula kumbukumbu ya simu.

Ukishaiona picha hiyo, lalamiko lako la kwanza linajieleza lenyewe. Mtu amefungua menyu juu ya Mauzo ya Leo, amegusa Madeni, na msimbo wako umefanya push moja kwa moja. Umeweka sinia jipya juu ya meza ambayo mtoto wake bado yuko nje. Ukiliondoa sinia hilo unamkuta palepale, naye hana kosa, hakuna aliyemwambia arudi ndani. Lalamiko la pili ni hilohilo likijirudia: kutoka Mauzo kwenda Madeni, kutoka Madeni kwenda Bei, kutoka Bei kwenda Mauzo tena, kila mguso umeongeza sinia, hata kwa ukurasa ambao tayari ulikuwemo chini. Mjomba akizunguka mara kumi, ana sinia kumi za kuondoa.

Dawa ya haraka utakayoambiwa na wengi ni kuita Navigator.pop kabla ya push. Ni dawa ya kweli kwa lalamiko la kwanza, kwa sababu droo inapofunguka Flutter huiandika kwenye historia ndogo ya ukurasa huo, na pop ya kwanza huifunga droo badala ya kuondoa ukurasa. Lakini haigusi lalamiko la pili hata kidogo. Wengine watakushauri utumie pushReplacement, inayoondoa sinia lililopo na kuweka jipya mahali pake. Hapo rundo halikui tena, ila kila ukurasa unazaliwa upya kila unapofunguliwa: mchuuzi aliyekuwa ameteremka hadi jina la sitini kwenye orodha ya Madeni, akaenda kutazama Bei, akirudi anaanza tena juu. Nimewahi kuitumia njia hii katika programu ndogo yenye kurasa tatu na haikuniudhi. Kwa kurasa saba za daftari la biashara nisingeichagua.

Ninachokushauri ni kutofautisha vyumba na hatua. Fikiria nyumba ya Kiswahili: unapita ukumbini, na kutoka ukumbini unaingia chumba chochote bila kupitia chumba kingine. Mauzo ya Leo, Madeni, Wavuvi, Bei na vilivyobaki ni vyumba. Kuhama kati yake hakupaswi kuhesabiwa kuwa ni safari ya kwenda mbele, kwa hiyo Navigator hahusiki kabisa. Lakini ukiwa ndani ya Madeni ukagusa jina la mdaiwa mmoja ili uone alichokopa, hiyo ni hatua ya kwenda mbele, na hapo push ndiyo mahali pake.

Kwa msimbo maana yake ni hii. Unabaki na Scaffold moja tu ya mzizi, ndiyo ukumbi, nayo ndiyo yenye droo. Ndani ya hali yake unahifadhi namba moja, tuseme chumbaSasa, inayoanza na 0. Mtu akigusa kipengele cha menyu, unaifunga droo kwa Navigator.pop, kisha ndani ya setState, amri inayoiambia Flutter ichore upya, unabadilisha namba hiyo, na mwili wa Scaffold unaonyesha chumba chenye namba hiyo. Kurasa zako saba za sasa zitabidi zivuliwe Scaffold zao zibaki na maudhui tu, na kichwa cha upau wa juu kibadilike kufuata namba. Ni kazi ya alasiri moja. Ukimaliza, malalamiko mawili ya mwanzo yatakuwa yameondoka pamoja, na la tatu kwa sehemu kubwa.

Hapo utakuta njia panda. Ukivifunga vyumba vyote ndani ya IndexedStack, vyote hukaa hai, na mchuuzi atalikuta jina la sitini alipoliacha. Gharama yake ni kwamba vyote saba hujengwa mara moja programu inapofunguka, na kama kila kimoja kinakwenda kuchukua data kwenye intaneti, mjomba atasubiri Ripoti ambayo pengine hataitazama wiki nzima. Ukionyesha chumba kimoja tu kwa wakati, programu inakuwa nyepesi lakini hali ya chumba hupotea unapokiacha. Mimi ningechukua njia nyepesi, kisha orodha ya Madeni ningeipa PageStorageKey ili ikumbuke ilikofikia, na data yenyewe ningeiweka nje ya kurasa ili isichukuliwe upya kila mara.

Mabadiliko haya yanaleta tatizo jipya, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa mjomba. Kwa kuwa sasa hakuna sinia juu ya sinia, mtu aliye kwenye Madeni akibonyeza kitufe cha kurudi anatoka kwenye programu moja kwa moja. Watumiaji wengi hutarajia kurudi kwanza Mauzo ya Leo, na mbonyezo wa pili ndio utoke. Zungushia Scaffold wijeti iitwayo PopScope, iliyochukua nafasi ya WillPopScope ya zamani, na uiambie kwamba kutoka kunaruhusiwa pale tu chumbaSasa ni 0. Vinginevyo irudishe namba kuwa 0. Tahadhari moja: wakati kutoka kumezuiwa, kitufe cha kurudi hakitaifunga droo chenyewe kama kilivyozoea, kwa sababu kizuizi chako hushika ombi kabla droo haijalisikia. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ndani ya PopScope ni kuuliza kama droo iko wazi, kwa isDrawerOpen, na kama iko wazi uifunge na uishie hapo. Bila hivyo mchuuzi atafungua menyu akiwa Madeni, atabadilisha nia, atabonyeza kurudi, na atashangaa kuona ukurasa umebadilika nyuma ya menyu ambayo bado imesimama mbele yake.

Kuhusu mshale na mistari mitatu: upau wa juu, AppBar, hujiamulia wenyewe. Ukiona Scaffold yake ina droo, unaweka mistari mitatu. Ukikosa droo lakini kuna ukurasa chini yake, unaweka mshale. Ukiwa umejaza mwenyewe nafasi ya leading, ile ya mwanzo wa upau, haukuwekei chochote. Kurasa zako hazikuwa na droo na zilikuwa juu ya nyingine, ndiyo maana ukaona mshale. Wapo wanaoitibu hali hii kwa kunakili droo kwenye kila ukurasa, hata wa ndani. Usifanye hivyo. Droo hushinda mshale, kwa hiyo kwenye ukurasa wa mdaiwa mmoja mshale utapotea na mtu hataona njia ya kurudi kwenye orodha. Kwenye iPhone hali ni mbaya zaidi, maana huko watu wamezoea kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto ili kurudi, na droo nayo inakitaka kidole hicho hicho. Kanuni ninayoifuata ni fupi: chumba kina mistari mitatu, hatua ina mshale.

Hitilafu ya context. Context ni kama anwani: huonyesha wijeti imesimama wapi katika mti wa wijeti. Scaffold.of, amri ya kuipata Scaffold, hutafuta Scaffold kwa kupanda juu katika mti wa wijeti, kuanzia mahali context yako iliposimama. Wewe umetumia context ya build (sehemu ya msimbo inayojenga wijeti) ileile inayoizaa Scaffold, maana yake umesimama juu yake. Ni sawa na mtu aliyeketi juu ya paa akitafuta dari kwa kutazama mawingu. Kifunike kitufe chako kwa wijeti ya Builder ili kipate context iliyo chini ya Scaffold, au uipe Scaffold ufunguo wa aina ya GlobalKey na uifungue kwa ufunguo huo. Kwa kuwa utauhitaji ufunguo huo kwenye PopScope hata hivyo, chukua njia ya pili.

Tuje kwenye simu ya mjomba. Nadhani inatumia Android 10, ya mwaka 2019, au toleo la baadaye, na imewekewa uendeshaji wa ishara, ule usio na vitufe vitatu chini. Katika uendeshaji huo, kutelezesha kidole kutoka ukingo wowote, wa kushoto au wa kulia, ni amri ya kurudi nyuma, na simu hukichukua kidole hicho kabla programu yako haijapewa. Mjomba akiwa ukurasa wa kwanza, kurudi nyuma maana yake ni kutoka. Unaweza kupanua eneo la kuvutia droo kwa drawerEdgeDragWidth, ambalo kwa kawaida ni vipimo 20 tu (yaani pikseli za kimantiki), ili kidole kinachoanzia ndani kidogo kieleweke kuwa kinavuta menyu. Lakini ukurasa wako wa Bei nahisi una jedwali linalosogezwa kushoto na kulia, na ukilipanua eneo hilo sana litagombana na jedwali. Mimi huzima kabisa uvutaji wa kidole kwa drawerEnableOpenDragGesture na kuwaachia watu kitufe. Hakuna mchuuzi aliyewahi kunilalamikia kwamba alitaka kuvuta.

Ila kabla hujaanza kuandika, jiulize kama droo ndiyo unayoihitaji. Nenda Deep Sea wakati mashua zimeingia na mnada umeanza, usimame pembeni tu utazame. Mchuuzi ameshika ndoo kwa mkono wa kulia, simu iko mkono wa kushoto, kidole gumba amekifuta kwenye kanga lakini bado kina maji, na jua limeipiga skrini mpaka haionekani. Mistari mitatu iko kona ya juu, mbali na gumba lake, na hata akiifikia, anachokiona ni alama isiyosema kitu. Ni alama iliyochorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star mwaka 1981, nayo mpaka leo inamtaka mtu awe amefundishwa maana yake. Kisichoonekana husahaulika. Kwa kazi kama yako ningeweka Mauzo ya Leo, Madeni, Wavuvi na Bei kwenye upau wa chini, ambao katika Flutter huitwa NavigationBar na hufaa kwa vitu vitatu hadi vitano, kila kimoja na jina lake limeandikwa. Ripoti, Mipangilio na Kuhusu ningeziacha kwenye droo, kwa sababu hufunguliwa mtu akiwa ametulia nyumbani. Namba ya chumbaSasa inaviendesha vyote viwili, hivyo hutapoteza kazi uliyoifanya. Kama wachuuzi wako wameshaizoea menyu yako na hawalalamiki, iache. Mazoea nayo yana thamani.

Ukibaki na droo, mambo machache ya useremala. Vipengele vyake viweke ndani ya ListView, orodha inayosogezwa, wala si Column, safu ya wima iliyotulia, maana wazee wengi hukuza maandishi ya simu zao na Column isiyoweza kusogezwa itafurika. ListView hiyo ipe padding (nafasi ya pembezoni) ya sifuri, la sivyo utaona pengo juu ya kichwa cha menyu. Upana wa kawaida wa droo ni vipimo 304, na simu nyingi za bei nafuu zina upana wa 360, kwa hiyo hubaki kijinafasi cha 56 tu cha kugusa ili kuifunga. Kwa skrini nyembamba kuliko hapo, ipunguze. Na kama siku moja utaonyesha programu hii kwenye kompyuta ya ofisi ya soko, ukipita upana wa 600 badilisha droo kwa NavigationRail inayosimama pembeni daima, lakini kumbuka kuiondoa ile Navigator.pop ya kufunga menyu. Pale hakuna droo ya kufungwa, kwa hiyo pop itauondoa ukurasa wenyewe na utabaki unaitazama skrini nyeusi. Ni vizuri kila mara uulize kwanza kama droo iko wazi.

Hukutaja kipengele cha kutoka kwenye akaunti, lakini utakiweka tu. Hicho kitumie pushAndRemoveUntil, kiondoe rundo lote, ili mtu mwingine akiishika simu asibonyeze kurudi akajikuta ndani ya Madeni ya watu.

Mengi ya haya utayamaliza mwenyewe mezani. Tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana pale ambapo umeshahamia kwenye Scaffold moja na bado menyu inakwamakwama kwenye simu dhaifu, kwa sababu hapo inabidi kuunganisha simu hiyo kwenye kompyuta na kupima ni wijeti gani inayojijenga upya bila sababu, na maelezo ya maandishi hayatoshi. Kadhalika, majina, namba za simu na madeni ya wachuuzi ni taarifa binafsi, na tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika. Kabla hujazipeleka kwenye seva yoyote, kaa na mwanasheria, usinitegemee mimi. Na ukimwendea mwanaprogramu mwenzako hapo Tanga akusaidie, usiende na kompyuta peke yake. Mwombe mjomba akuazime ile simu yake.